Tuliyoyaona Sokoni Maskati

Hapa kwetu Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, hakuna mtu mzima asiyepata kulisikia jina la Maskati, walakini waliofika ni wachache sana. Wazee wetu walilisikia kwa manahodha waliokuja na upepo wa kaskazi kununua boriti. Sisi tulilisikia tena mwaka 2023, na mara hii kwa kinywa cha dalali aliyekuja kwa mashua kutafuta, si boriti, bali wasichana wa kufanya kazi za nyumbani Uarabuni.

Dalali yule alikaa siku mbili, akanena maneno matamu, akaenda zake akiahidi kurudi. Nyuma yake wazazi wa wasichana wanne walitujia shuleni wakati wa jioni. Wasichana wale wote tuliwafundisha sisi kusoma na kuhesabu, na mmoja wao alikuwa hajatimiza miaka 18. Wazazi wakasema, "Mwalimu, wewe ndiwe msomi wetu. Tuwape ruhusa, au tuwakatalie?" Tukanyamaza, kwa maana hatukuwa na jibu. Mtu hawezi kuwafundisha watu njia asiyoipita.

Tena jambo hili lilikwisha kuingia nyumbani mwetu wenyewe. Mdogo wetu wa kike alikuwa Maskati tangu Oktoba 2022, kwa mkataba wa miaka miwili. Kila alipopiga simu alisema maneno yale yale: "Sijambo, namshukuru Mungu, msiwe na wasiwasi." Sisi tulifurahi, lakini mama yetu hakufurahi. Alisema, "Mtu asiyelalamika hata siku moja, ama ameshiba mno, ama kuna anayemsikiliza." Neno hilo likatunyima usingizi. Basi tukauza mpunga wetu, tukakopa fedha katika chama chetu cha kuweka na kukopa, na shule zilipofungwa mwezi wa Desemba tukafunga safari. Nia yetu, tuseme kweli, ilikuwa ni kwenda kumrudisha.

Siku ya kuagana, mzee mmoja wa hapa, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alikuja pwani na fimbo yake. Ujana wake wote aliumaliza katika mikoko, akikata boriti na kuzipakia majahazini. Alitushika mkono akasema, "Mwalimu, ukifika uziangalie boriti zetu, kama zingaliko." Tulicheka kidogo, tukadhani ni mzaha wa kizee.

Tulipanda mashua maji yalipojaa, tukafika Nyamisati, na kutoka huko kwa motokaa tukapita Bungu hata Dar es Salaam. Ndege ikatuchukua usiku, na saa tano na zaidi kidogo zilitosha kutufikisha Omani. Safari hiyo iliwagharimu manahodha majuma mengi, nao hawakuweza kuondoka ila kwa pepo zao: kaskazi kuwaleta kwetu, na kusi kuwarudisha.

Maskati si mji mmoja uliokusanyika kama Dar es Salaam. Ni mitaa mingi iliyogawanywa na milima ya mawe matupu, isiyo na jani, na nyumba zake karibu zote ni nyeupe. Sisi watu wa matope na mikoko tulistaajabu jinsi watu wawezavyo kuishi mahali ambapo hata mchicha hauoti bila kunyweshwa kwa mpira. Fedha yao ni rial, na rial moja ina baisa 1000. Neno baisa ni ndugu wa pesa yetu, kwa kuwa yote mawili yametoka Bara Hindi. Siku zile rial moja ilikuwa karibu shilingi 6500 za kwetu, na kwa hiyo kila tulipotaka kununua kitu tulifanya hesabu kwanza, na mara nyingi hesabu ilitufanya turudishe mkono mfukoni.

Tulipata chumba cha bei nafuu mtaa wa Ruwi. Mdogo wetu hakuwa na nafasi ila Ijumaa moja kwa mwezi, nasi tulifika Jumanne. Kwa siku tatu hatukuwa na la kufanya ila kutembea, na mtu asiyejua lugha ya mji hana mwalimu bora kuliko chakula cha njiani na soko.

Ruwi ni kama Uhindini ya Dar es Salaam iliyokuzwa mara nyingi. Wenye maduka na watumishi wake wengi ni watu wa India, Pakistan na Bangladesh, na harufu ya asubuhi ni ya chai ya maziwa yenye iliki, ambayo wao huiita karak. Sambusa twazijua, na chapati twazijua, lakini tuliona na jipya: chapati iliyopakwa jibini, kisha ikanyunyiziwa viazi vikavu vya kukaanga vya paketi, vilivyopondwapondwa, ikakunjwa, ikaliwa. Watoto wa Omani waipenda kupita kiasi. Tuliijaribu. Ladha yake si mbaya, ila hulia mdomoni kama mtu atafunaye majani makavu.

Jambo moja halikutupendeza. Wenye motokaa hawashuki kununua chai. Husimama mlangoni mwa duka na kupiga honi, naye kijana wa duka hutoka mbio na kuwapelekea dirishani. Tulikaa saa nzima tukimwangalia kijana mmoja mwembamba, tukamhesabia safari arobaini, kisha tukaacha kuhesabu. Hakuna aliyemwuliza jina. Tukafikiri moyoni: mji huu watunzwa na mikono ya wageni, na katika mikono hiyo imo mikono ya mtoto wa mama yetu.

Siku ya pili tuliingia mkahawa mdogo, na juu ya meza tukaona sinia ya mandazi. Tulidhani macho yatudanganya. Mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa, alikuwa akiyachovya katika chai. Tukasema kwa kujaribu tu, "Shikamoo, mzee." Aliweka andazi chini. "Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa Kiswahili safi cha Unguja. "Miaka mingi sijaamkiwa hivi na mgeni. Wewe watoka wapi?" Tuliposema Rufiji, akaanza kutuhesabia samaki: nguru, jodari, chewa, kamba, kana kwamba asema majina ya jamaa zake.

Yeye alizaliwa Unguja. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 Waarabu wengi walikimbia visiwani, na mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika ufalme wa Omani, wengi wao waliitikia wito wakaenda kuijenga nchi hiyo. Walikwenda na Kiswahili chao, na mandazi yao, na mishkaki yao. Mpaka leo mtu aweza kusikia Kiswahili katika maduka na maofisi ya Maskati, hata kwa vijana ambao hawajaikanyaga Afrika. Jambo hili halikuanza jana: kiasi cha mwaka 1840 Seyyid Said aliihamishia Unguja baraza yake, na mpaka alipofariki mwaka 1856 Maskati na Unguja zilikuwa za mfalme mmoja.

Lakini msomaji asidhani kwamba njia ile ilipitisha tende na boriti peke yake. Watu pia walipitishwa, na wengi walitoka nyuma ya pwani hii yetu ya kusini kupitia Kilwa, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Mzee yule hakulificha neno hilo. Alisema, "Mwanangu, tende zilikuwa tamu, na mengine yalikuwa machungu, na jahazi lilikuwa lile lile." Akatulipia chai, akakataa baisa zetu.

Ijumaa ikafika. Kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko huko, makanisa ya Ruwi hufanya ibada siku hiyo, nayo hujaa watu wa mataifa mengi. Hapo mlangoni ndipo mdogo wetu alipotukuta. Alikuwa amekonda kidogo, na mikono yake ilikuwa na ngozi ngumu ya sabuni. Tulikuwa na maswali tangu Kiongoroni, tukataka kuyamwaga yote pale pale. Akacheka akasema, "Kaka, kula kwanza. Maswali hayatapoa."

Alitungoja tumalize kula, kisha alasiri akatupeleka Mutrah, kwa maana adhuhuri maduka hufungwa, na Ijumaa soko halifunguki mpaka jua limepungua. Mutrah ni bandari ya zamani. Mbele ni bahari na vyombo, nyuma ni majabali, juu ya jabali moja iko ngome, na juu ya kilima kingine wamejenga chetezo kikubwa cheupe, kama kwamba mlima mzima wafukizwa ubani. Karibu na maji liko soko la samaki, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017. Tulipita ndani, tukaona nguru na jodari wamelazwa juu ya meza safi, na papa aliyekaushwa, ambaye harufu yake ilitukumbusha nyumbani kuliko barua yo yote.

Soko lenyewe ni vichochoro vyembamba vilivyoezekwa juu, na wenyeji hupaita kwa zamani soko la giza, kwa vile jua halikuingia. Humo mna nguo, na fedha, na majambia yenye mipini ya kuchongwa, na vikapu vya ubani. Ubani ulio bora hutoka Dhofar, kusini mwa nchi, na ule wa daraja ya juu huitwa hojari: mweupe, wenye kuelekea rangi ya kijani kibichi. Sisi tuliozoea kununua ubani mweusi wa senti chache hatukujua kwamba una madaraja kama mchele.

Hapo tulimwona mdogo wetu kwa namna ambayo hatukupata kumwona. Kwetu alikuwa msichana wa kuinamisha kichwa. Huku alisimama mbele ya mwuza ubani, akauliza bei kwa Kiarabu cha jikoni, akaiweka pakiti chini, akageuka kuondoka hatua tatu, akaitwa, akarudi, akageuka tena. Bei ikashuka kutoka rial tatu hata moja na nusu. Tukamwuliza nani kamfundisha. Akasema, "Bibi wa nyumba hunituma sokoni. Mara ya kwanza nililipa kama nilivyoambiwa, akanigombeza. Mara ya pili niliuliza kila duka kabla ya kutoa fedha."

Tuliingia duka la halua. Halua ya Omani hupikwa kwa sukari, wanga, samli, iliki, zafarani na maji ya mawaridi, katika sufuria kubwa ya shaba, na mpishi huikoroga saa nyingi bila kuacha, akiacha, imeharibika. Ni ndugu halisi wa halua ya Unguja na Pemba. Hupewa mtu kidogo kidogo pamoja na kahawa chungu katika kikombe kisicho na mkono. Sisi kwa adabu tulikunywa, tukarudisha kikombe, kikajazwa. Tukanywa, kikajazwa tena. Kikombe cha tano kilipofika moyo wetu ulikuwa ukipiga kama ngoma ya mkesha, na mdogo wetu alikuwa ameficha uso kwa kicheko. Ndipo alipotuambia kwamba asiyetaka tena hukitikisa kikombe huku na huku, akikitoa kimya, ndio kusema, "Niongeze." Basi tazameni jinsi ujinga wa neno dogo uwezavyo kumlewesha mwalimu kwa kahawa.

Nyuma ya soko kulikuwa na uchochoro wenye nyumba za kale. Mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani kijana mmoja alikuwa akiuza vitambaa. Tuliinua macho tu, tukaganda. Juu ya vichwa vyetu zilipangwa boriti, nyeusi kwa umri, na juu yake mkeka wa makuti ya mtende. Tulizijua kama mtu ajuavyo mwendo wa baba yake kwa mbali. Tukazihesabu, zikawa kumi na saba. Tukapima upana wa chumba kwa hatua, ukawa kiasi cha dhiraa sita, na sababu yake twaijua: chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti, na kwa hiyo vyumba vya kale vya Lamu, vya Unguja na vya Ghuba hufanana upana. Mti wa kwetu ndio uliokuwa rula ya waashi wa nchi hizo zote.

Tulimwuliza kijana yule miti ile ilitoka wapi. Akajibu, "Zinjibar." Tukamwambia kwa kinywa cha mdogo wetu kwamba boriti nyingi za Unguja zilitoka katika milango ya Mto Rufiji. Akatabasamu kwa heshima, akasema tena, "Zinjibar." Kwake yeye pwani yote ina jina moja.

Hapo ndipo tulipomkumbuka mzee wetu na fimbo yake. Mwaka 1939 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alifika delta yetu ndani ya jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, likapakia boriti kuzipeleka Ghuba. Villiers aliandika kitabu juu ya safari ile, kikatolewa mwaka 1940, na humo yamo matope ya Rufiji na mbu wake na taabu ya mabaharia. Jina la jahazi limebaki, na la nahodha limebaki. Lakini wazee wetu walikata kwa korja, yaani ishirini ishirini, wakalipwa kwa korja, na hawakuambiwa mti mmoja uliuzwa kwa kiasi gani huko ulikokwenda, wala umeezeka nyumba ya nani. Walijua shoka na maji kujaa na kupwa. Bei ya mwisho waliijua wengine.

Jua lilipokuchwa tuliketi ukutani kando ya bahari, tukanunua mishkaki njiani, baisa 200 kijiti, yenye ukwaju na pilipili. Jina ni lile lile, mishkaki, wao husema mishkak. Hapo tukamwuliza mdogo wetu yote. Hakujibu kwa maneno. Alifungua mkoba wake akatoa daftari la shule, lenye kurasa za mistari, lile tulilompa sisi siku ya kuondoka ili aandike barua.

Hakuandika barua. Aliandika fedha. Kila mwezi una ukurasa wake: siku alizofanya kazi, saa aliyoamka, fedha aliyopokea, aliyotuma, aliyobakiza. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa na sifuri. Dalali alimwahidi rial 120 kwa mwezi. Mkataba aliotiwa mkononi uwanja wa ndege, ulioandikwa kwa Kiarabu, ulisema 80. Mishahara ya miezi mitatu ilichukuliwa na wakala wa Maskati, akisema ni nauli. Na kwa muda wote ule simu aliyopigia nyumbani ilikuwa ya bibi, naye alipiga akiwa sebuleni mwa bibi. Mama yetu hakukosea.

"Nilinyamaza hata mwezi wa sita," akasema. "Kisha nikakumbuka neno ulilotuandikia ubaoni darasa la tano: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nikampelekea bibi daftari, nikamwonyesha sifuri tatu."

Bibi yule alisoma tarakimu, akakasirika, na hasira yake haikumwangukia yeye. Kumbe alikwisha kumlipa wakala nauli na gharama zote tangu mwanzo. Nauli moja ililipwa mara mbili, mara ya pili na yule asiyekuwa na kitu. Tangu siku hiyo bibi humpa mshahara mkononi, na kila mwisho wa mwezi hutia sahihi katika daftari. Tuliziona sahihi zile, saba, kwa wino wa buluu. Lakini fedha ya miezi mitatu haikurudi, na pasi ya kusafiria ya mdogo wetu imo katika kabati la bibi mpaka leo, nasi hatukupendezwa, tena tulimwambia hivyo.

Ndipo tukamweleza nia yetu ya kumrudisha. Alikaa kimya akiitazama bahari. Akasema, "Kaka, nilikuja gizani. Sasa nimeona njia, wataka nirudi kabla sijachukua kilichonileta? Imebaki miezi kumi. Nimeweka fedha ya mabati na ya cherehani. Nikirudi leo, aliyefaidi ni wakala peke yake." Hatukuwa na neno la kumshinda. Tulikwenda kumwokoa mtoto, tukamkuta mtu mzima mwenye hesabu. Lakini tulimshurutisha mambo mawili: aandikishe jina lake katika Ubalozi wa Tanzania uliopo Maskati, na aidai pasi yake kwa upole mpaka apewe. Akakubali. Saa tatu usiku ilikuwa ndiyo ahadi yake ya kurudi, nasi tukamsindikiza mpaka mlangoni, tukamwona anafunguliwa, mlango ukafungwa. Tuliondoka tukitembea polepole sana.

Tulirudi Kiongoroni na halua, ubani wa hojari, na kanga mbili. Mama yetu aliionja halua, akasema ni tamu mno, kisha akauliza, "Yeye aliila?" Tukasema aliila, tena alicheka sana. Ndipo akala ya pili.

Kwa mzee wa boriti tulikwenda siku ile ile. Tukamwambia, "Zingaliko, mzee. Tumezihesabu kumi na saba katika chumba kimoja, hazijaliwa na mdudu." Alifurahi hata akapiga fimbo chini. Kisha akawaza, akauliza swali ambalo tangu hapo tumelichukua moyoni: "Na wewe uliwauliza walizinunua kwa kiasi gani?"

Basi, wazazi wenzetu, jibu letu kwa wale waliotujia ni hili. Hatusemi kwamba kazi ya Uarabuni ni utumwa, kwa kuwa mdogo wetu alikwenda kwa hiari yake na amekaa kwa hiari yake. Wala hatusemi kwamba ni bustani. Twasema kwamba delta hii imekwisha kuuza mara moja bila kuuliza bei ya mwisho, na haifai kuuza hivyo mara ya pili, tena watoto. Msichana asiyetimiza miaka aliyowekewa na sheria asiondoke. Aliyetimiza, na asiondoke mpaka mkataba umesomwa kwa Kiswahili mbele ya wazazi, mshahara umeandikwa kwa tarakimu, na nakala imebaki nyumbani. Jina la mwajiri na namba ya simu yake ziandikwe. Aondoke na simu yake mwenyewe, na akifika aandikishwe ubalozini. Na ndani ya sanduku lake, pamoja na nguo, atiwe daftari na kalamu.

Maneno hayo tumeyaandika katika karatasi kubwa, tukayabandika ukutani mwa darasa la saba. Dalali alirudi mwezi wa Februari 2024. Wazazi wa yule mdogo walimkatalia papo hapo. Wawili walimtaka alete mkataba kwa Kiswahili, akasema atauleta, akapanda mashua, na mpaka tunapoandika haya hajaonekana. Wa nne hakutuuliza tena. Binti yake alikwisha kuondoka Dar es Salaam kwa njia nyingine, wala hatujui kama alichukua daftari.